Ziwa Ellis, Mlima Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila miezi ya ukavu inapokaribia, Januari na tena Julai, maswali kuhusu ziwa hili hunijia kwa wingi. Wanaouliza ni vijana wa vikundi vya kupanda milima, wazazi wanaotafuta pa kuwapeleka watoto likizo ikifika, na wenye magari makubwa waliosikia kwamba unaweza kuendesha mpaka ukingoni mwa maji. Hapa nimejibu yale yanayojirudia. Mengine nimeyapa nafasi kubwa kwa sababu yanagusa uhai wa mtu. Mengine jibu lake ni la mstari mmoja.

Ziwa Ellis liko wapi hasa?

Liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ndani ya hifadhi ya taifa, juu ya mji wa Chogoria katika Kaunti ya Tharaka-Nithi. Ni ziwa dogo lililo karibu mita 3,450 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wa nyasi za vishada na vichaka vya erika, juu kabisa ya mstari wa msitu. Jirani yake ni kilima kinachoitwa Mugi Hill. Ukitazama magharibi alfajiri, kabla ya mawingu kupanda, unaviona vilele vikuu vya mlima: Batian, wenye mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188. Kufikia saa nne au saa tano asubuhi mara nyingi huwa vimeshafunikwa, kwa hiyo mwenye kamera asilale sana.

Mlima huu ni hifadhi ya taifa tangu 1949, na uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru ni mahali patakatifu tangu zamani, makao ya Ngai, na bado wapo wazee wanaosali wakiuelekea. Mgeni ajue hilo kabla hajafungua mlango wa gari na kuwasha muziki.

Ni kweli gari linafika hadi ziwani?

Kweli, linafika. Kutoka lango la Chogoria kuna njia ya gari inayopanda kwenye uwanda. Tawi moja linaelekea mwisho wa barabara karibu na maporomoko ya Nithi, na jingine linakwenda ziwani. Lakini gari lenyewe liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lililoinuka kutoka chini, na dereva awe ameshaendesha kwenye matope. Probox, hata iwe imepita wapi, iache Chogoria.

Ugumu zaidi uko chini ya lango. Kutoka mji wa Chogoria hadi langoni ni kama kilomita 30 za barabara ya udongo inayokata mashamba, kisha msitu mnene, kisha mianzi. Siku kavu inapitika vizuri. Mvua ikinyesha, udongo ule mwekundu unateleza vibaya, na magari hukwama kwenye mianzi mahali ambapo tembo na nyati wanapita. Beba jembe, kamba ya kuvutia na minyororo ya magurudumu kama unayo. Ukiona mawingu mazito yamelala juu ya msitu tangu asubuhi, lala mjini usubiri.

Na kuna jambo lazima niliseme waziwazi. Barabara hii imewafanya watu wengi waamini kwamba Ziwa Ellis ni kama bustani ya mapumziko ya jumapili. Si hivyo. Ni mlima mrefu ambao bahati mbaya gari linaufikia. Karibu kila tatizo ninalolisikia kutoka huko linaanzia hapo: mtu ametoka Nairobi asubuhi, jioni yuko mita 3,450, na mwili wake haujaambiwa chochote.

Je, nitapata ugonjwa wa mwinuko?

Unaweza kuupata, hata kama wewe ni kijana na unakimbia kila asubuhi. Nguvu za misuli hazimkingi mtu na ugonjwa huu. Mwinuko wa ziwa unatosha kuuleta, maana dalili huanza kwa watu wengi wakishapita mita 2,500.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Kadiri unavyopanda, uzito wa hewa hupungua, na kila pumzi inabeba oksijeni kidogo zaidi. Ziwani, pumzi moja ina kama theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungeivuta Mombasa. Mwili unaweza kuzoea: unapumua haraka zaidi, moyo unaongeza kasi, na baada ya siku kadhaa damu inajipanga upya. Lakini unahitaji muda. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Ukiruka kutoka pale hadi ziwani kwa siku moja, umepanda zaidi ya mita 1,700 bila kuupa mwili hata usiku mmoja.

Ninachowaambia wote ni hiki: lala langoni kwanza. Lango la Chogoria liko karibu mita 2,950. Pana nyumba ndogo za kupanga na pana mahali pa kupiga hema. Usiku mmoja pale, kisha siku ya pili upande polepole hadi ziwani, tofauti ni mita 500 tu. Wataalamu wa milima hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 300 hadi 500 kati ya mahali ulipolala jana na mahali utakapolala leo. Lango limekaa vizuri kabisa kwa hesabu hiyo, na bado watu wanalipita mbio kama kituo cha mafuta.

Dalili za kawaida ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu usio na sababu na usingizi wa kukatikakatika. Ukiziona, usipande zaidi. Pumzika, kunywa maji, na unaweza kumeza dawa ya kawaida ya maumivu. Zikiisha, endelea kesho. Zikizidi, shuka. Pombe iache kabisa usiku wa kwanza, pamoja na vidonge vya usingizi, kwa sababu vyote viwili hupunguza kasi ya kupumua wakati mwili unaihitaji sana.

Kuna hali mbili za hatari ambazo kila mtu kwenye kundi azijue. Ya kwanza ni maji kuingia mapafuni: mgonjwa anakohoa, anahema hata akiwa amekaa, midomo inabadilika rangi, na anaweza kutoa makohozi yenye povu. Ya pili ni ubongo kuvimba: anachanganyikiwa, anazungumza ovyo, anayumba kama mlevi. Mwambie atembee kwa kuweka kisigino mbele ya vidole kwenye mstari ulionyooka. Akishindwa, hakuna kusubiri asubuhi. Mshushe wakati huohuo, usiku huohuo, na asiachwe peke yake. Kushuka ndiyo tiba; mengine yote ni ya kusaidia tu. Hapa ndipo lile gari linapokuwa na faida ya kweli, kwa hiyo dereva mmoja abaki bila kunywa na funguo ziwe mahali zinapojulikana na kila mtu.

Vipi kuhusu Diamox?

Asetazolamidi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea haraka zaidi. Haifai kwa kila mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa au matatizo ya figo, kwa hiyo muulize daktari kabla ya safari, usiinunue njiani kwa kuambiwa na rafiki. Itakufanya uende haja ndogo mara kwa mara na huenda vidole vikafa ganzi kidogo. Wala isikupe kiburi cha kupanda haraka.

Nafikaje Chogoria kutoka Nairobi?

Pita barabara ya Thika, kisha Makutano, Embu, Runyenjes, Chuka, hadi njia panda ya Chogoria. Ni kama kilomita 200, mwendo wa saa nne hivi kwa gari dogo kama hakuna msongamano. Matatu na mabasi ya Meru yanayopitia Embu yatakushusha njia panda, na kutoka pale mji wenyewe uko kilomita chache, bodaboda zipo.

Kati ya Chuka na Chogoria utavuka daraja la Nithi. Wenyeji wanalijua kwa uchungu. Mteremko ni mkali, kona ni mbaya, na limechukua watu wengi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Lipite mchana, kwa gia ya chini, na kama uko kwenye matatu inayokimbizwa, fungua mdomo umwambie dereva. Abiria wengine watakuunga mkono.

Kutoka Chogoria hadi langoni watu hukodi Land Rover za wenyeji, au hupanda bodaboda siku za ukavu. Wapo wanaotembea njia yote, lakini msitu ule una tembo na nyati, na sipendi kumshauri mtu afanye hivyo bila mwongozaji anayeujua.

Na kutoka langoni kwenda ziwani kwa miguu?

Saa tatu hadi nne kwa mwendo wa kawaida. Njia inapanda kwa upole, kwanza kati ya miti ya hagenia yenye magome mekundu yanayobanduka na ndevu za kuvu zinazoning'inia, kisha ghafla miti inakwisha na uwanda unafunguka. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya kufika. Aliyetembea anafika mwili umeshaanza kuzoea, na amekiona kile ambacho wa kwenye gari wamekipita wamefunga vioo.

Kuna ada? Nahitaji mwongozaji?

Ada ipo, ya kuingia hifadhini na ya kupiga kambi, na inalipwa kwa njia ya kielektroniki kabla ya kufika au langoni. Pesa taslimu hazipokelewi. Viwango hubadilika, na ni tofauti kwa raia, wakazi na wageni, kwa hiyo tazama kile cha sasa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, badala ya kutegemea picha ya mwaka juzi iliyosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Raia waje na kitambulisho.

Kupanda peke yako hakukubaliwi. Mchukue mwongozaji wa Chogoria. Si kwa ajili ya kanuni tu: ukungu wa uwanda ule unashuka kwa dakika chache na kufuta kila alama, na mtu aliyekulia pale anajua njia kwa mteremko wa ardhi chini ya mguu. Wapagazi nao wana kazi ya heshima. Wapeni mzigo unaobebeka, hakikisheni wana hema na nguo za baridi, na msiwalipe kwa maneno.

Msimu gani ni mzuri?

Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, barabara huharibika. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ni ya kubahatisha: unaweza kupata wiki nzuri, unaweza kukaa ndani ya hema siku mbili. Upande huu wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko upande wa Naro Moru au Sirimon, na ndiyo maana una msitu mnene na maporomoko mengi. Hata katika miezi ya ukavu, koti la mvua lisikosekane.

Baridi ni kali kiasi gani?

Mchana jua likiwaka unavaa fulana. Jua likishazama nyuma ya vilele, ndani ya nusu saa unatafuta kila nguo uliyonayo. Usiku joto hushuka hadi nyuzi sifuri na chini yake. Asubuhi hema lina ganda la barafu upande wa nje, nyasi zimekuwa nyeupe, na ukikanyaga udongo ulio wazi unasikia sindano za barafu zikivunjika chini ya kiatu. Maji ya ardhini huganda usiku na kuusukuma udongo juu.

Watu wa pwani huniuliza kama blanketi zito litatosha. Halitoshi. Unahitaji mfuko wa kulalia uliotengenezwa kwa baridi ya chini ya sifuri, na mkeka wa sponji chini yake, kwa sababu ardhi ndiyo inayokunyonya joto kuliko hewa. Beba nguo za ndani za sufu au za michezo zinazokauka haraka, sweta, jaketi, kofia ya sufu, glavu, na soksi za kulalia ambazo hazikuguswa na maji mchana. Jinzi iache nyumbani: ikilowa haikauki. Gambuti zinafaa sana kuzunguka ziwa, maana kingo zake ni tope na vishada vya nyasi vinavyokwepa mguu. Tochi ya kichwani, betri za akiba, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi. Ndiyo, hata ngozi nyeusi inaungua huko, hasa midomo na pua.

Tunaweza kupika githeri?

Msijaribu, isipokuwa mmekuja na iliyochemshwa tayari nyumbani. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pale usawa wa bahari. Ziwani huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Sufuria inatokota, mvuke unapanda, mnadhani mambo yako sawa, kumbe maharagwe hayapati joto la kuyaivisha. Mtateketeza mtungi mzima wa gesi na kula kokoto. Hata wali unachukua muda mrefu na kubaki na kiini.

Vinavyofaa: viazi vilivyokatwa vidogo, tambi nyembamba, ndengu au maharagwe yaliyoiva kabla, mayai ya kukaanga, chapati zilizopikwa nyumbani, uji, supu, na chai ya tangawizi kwa wingi. Ugali unawezekana kwa mwenye subira. Hamu ya chakula hupungua juu kule, kwa hiyo beba kitu unachokipenda kweli. Na jiko liwashwe nje au mlangoni mwa hema. Moshi wa gesi au mkaa ndani ya hema lililofungwa unaua watu wakiwa usingizini.

Maji ya ziwa yanaweza kunywewa?

Baada ya kuchemshwa au kuchujwa kwa chujio cha wasafiri. Yanaonekana safi, lakini nyati wanakunywa hapo na wapiga kambi wanaosha vyombo hapo. Kutokota kwa dakika tatu kunatosha hata kwa nyuzi 88. Vijidudu hufa kabla ya kufika kiwango hicho.

Naweza kuogelea?

Jibu langu ni hapana, najua wengi hawalipendi. Maji ni baridi sana mwaka mzima. Anayeruka ndani kwa ghafla hupigwa na mshtuko: kifua kinabana, anavuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Asiyeathirika kwa mshtuko, baada ya dakika chache mikono na miguu inaishiwa nguvu. Ongeza hewa nyepesi, tope la chini linaloshika mguu, na kwamba hakuna mwokoaji wala hospitali karibu. Tumbukiza miguu ukiwa umekaa kwenye jiwe, piga picha yako, vaa soksi.

Mtu akianguka majini, mtoeni, mvueni nguo zote zilizolowa, mfungeni kwenye mfuko wa kulalia pamoja na mtu mwingine mwenye joto, na mpeni kinywaji cha moto chenye sukari kama ana fahamu kamili. Msimsugue mikono na miguu, na msimpe pombe.

Kuna samaki? Tunaruhusiwa kuvua?

Wako trauti. Si samaki wa asili wa mlima huu. Waliletwa Kenya na walowezi mwaka 1905 na kuwekwa katika mito ya nyanda za juu, baadaye na katika maziwa ya mlimani. Kuvua kunahitaji kibali, na taratibu zake ziulizwe langoni kabla ya kupanda, si baada ya kukutwa na fimbo mkononi. Ni uvuvi wa ndoano. Wavu na mtego ni marufuku. Alfajiri na jioni ndizo saa zake. Ukishika mdogo, lowesha mikono kwanza kabla ya kumgusa, mrudishe polepole akiwa amegeuzwa kichwa upande wa maji mengi, umshike mpaka aondoke mwenyewe.

Kuna wanyama hatari?

Nyati ndiye wa kuogopwa, hasa dume la peke yake kwenye vichaka vya erika. Tembo hupita msituni na mara kwa mara hupanda mpaka uwandani. Chui yupo, lakini kumwona ni bahati ya wachache. Usitembee mbali na kambi gizani, na usiku ukitoka nje ya hema, mulika tochi pande zote kwanza. Chakula kifungwe ndani ya gari au kwenye chombo kigumu.

Wengine ni wa kufurahisha macho. Nsya wanakula kando ya njia. Ukipanda juu zaidi utawakuta pimbi juu ya mawe, na ndege aina ya chozi, wa kijani kinachometameta, wakinyonya maua ya lobelia. Zile lobelia zenyewe zistahili dakika zako. Moja yake hukaa chini kama kabichi kubwa na hushika maji katikati ya majani. Usiku tabaka la juu la maji huganda, na barafu hiyo hukilinda kichipukizi kilichofichika chini yake. Inama utazame alfajiri: kuna kioo chembamba cha barafu, na chini yake maji bado ni maji. Usikivunje kwa kidole.

Mbu hakuna. Baridi imewafukuza.

Tunaweza kuwasha moto wa kuni?

Hapana. Uwanda ule wote ni nyasi kavu na erika yenye mafuta ndani ya majani, na upepo haukatiki. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima huu, na wazima moto walihangaika siku nyingi kwenye miteremko isiyofikika kwa gari. Senesio kubwa, ile miti yenye shina nene na kichwa cha majani, huota polepole mno. Ukiona moja iliyokuzidi urefu, ujue ina umri wa miaka mingi sana. Majani yake makavu yanayoning'inia kwenye shina ni koti lake la usiku. Kuna watu huyang'oa wakawashia moto wa kupigia picha. Wavutaji wabebe kopo la kuzimia na kurudi na vichungi vyao.

Watoto na wazee je?

Mtoto anayeweza kueleza kwamba kichwa kinamuuma anaweza kwenda, akilala langoni kwanza. Mtoto mchanga simshauri mtu ampandishe: atalia, na hutajua kama ni njaa, baridi au ubongo. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au mwenye selimundu, aanze kwa daktari. Huyu wa selimundu namtaja makusudi, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kumletea maumivu makali, na watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria wenye ugonjwa huo katika familia ni wengi. Wazee wenye afya njema hufanya vizuri kuliko vijana mara nyingi, kwa sababu hawaoni aibu kutembea polepole.

Mtandao wa simu unashika?

Hapa na pale, kwenye miinuko. Mwachie mtu nyumbani majina yenu, namba ya gari na siku ya kurudi, na chukueni namba ya lango mkiwa bado langoni.

Droni na spika?

Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga na ya KWS. Bila hizo mbili iache nyumbani. Spika iache nyumbani pia. Sauti inasafiri mbali sana juu ya maji yale, na wenzako upande wa pili wamekuja kusikiliza bata.

Choo na takataka?

Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya tangu Juni 5, 2020, chupa za maji zikiwemo. Njoo na chupa ya chuma au ya kudumu.

Kila kilichopanda kishuke: maganda ya ndizi, maganda ya mayai, karatasi za chooni, pedi. Kwenye baridi ile hakuna kinachooza haraka. Ganda la chungwa ulilolitupa Januari, mgeni wa mwezi wa nane atalikuta. Haja kubwa ifanyike angalau hatua 100 kutoka kwenye maji yoyote, kwenye shimo la kina cha kiganja na kifundo, lifukiwe, na karatasi irudi kwenye mfuko. Vyombo visioshewe ziwani hata kwa sabuni inayosemekana haina madhara. Chota maji, osha mbali, mwaga kwenye nyasi. Mito ya upande huu inashuka kwa wakulima wa Chogoria na Chuka, inaingia Tana, na Tana inamwaga baharini karibu na Kipini. Kuna mtu anayechota kila hatua ya safari hiyo.

Hili ndilo ziwa ambalo mwana wa mfalme wa Uingereza alimchumbia mkewe?

Hapana. Hilo ni Rutundu, upande wa kaskazini wa mlima, ambako William alimchumbia Kate Oktoba 2010. Njia yake ni nyingine.

Barafu ya mlima ikiisha, ziwa litakauka?

Barafu kwa kweli inaisha. Msafara wa Mwingereza Halford Mackinder ulipofika kilele cha Batian kwa mara ya kwanza, Septemba 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu ipatayo 18. Tangu hapo mingi imetoweka, na ule mkubwa, Lewis, umepasuka na kubaki vipande. Inauma kuitazama kwa mtu aliyeona picha za zamani. Lakini maji ya ziwa na ya mito hii hutoka zaidi kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu na uwanda, kuliko kwenye barafu. Kwa hiyo wa kulinda ziwa ni msitu wa chini na nyasi za juu. Moto mmoja uwandani, au ukataji wa miti chini ya mianzi, unaligusa ziwa moja kwa moja.

Naweza kuendelea juu kutoka ziwani?

Unaweza, na ni njia nzuri kuliko zote za mlima huu. Siku ya pili wengi huelekea Bonde la Gorges, ambako Ziwa Michaelson limelala chini ya ukuta wa mawe unaoitwa Temple. Ni mwendo wa saa nne hadi tano. Bonde lile lilichongwa na barafu enzi za kale, na ukisimama ukingoni mwa Temple ukatazama maji chini, magoti yanatetemeka bila aibu. Kutoka huko njia inapanda hadi vidimbwi vya Hall Tarns, kwenye mita 4,300 hivi, kisha Point Lenana, mita 4,985, ambako Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Safari hiyo ni ya siku nne au tano, na si ya kuamuliwa mkiwa tayari kambini kwa sababu mmejisikia vizuri.

Nina wikendi moja tu. Inatosha?

Inatosha ukiomba ruhusa ya Ijumaa. Ondoka Nairobi alfajiri, fika Chogoria kabla ya adhuhuri, panda langoni mchana na ulale pale. Jumamosi tembea hadi ziwani taratibu, gari lije nyuma na mizigo, pigeni hema mbali kidogo na maji. Jumapili amkeni gizani mtazame vilele, kunyweni chai, zungukeni ziwa, mwe langoni saa nne na mjini kabla ya saa saba. Mkiwa na Jumamosi na Jumapili peke yake, laleni langoni Jumamosi na mpande ziwani Jumapili asubuhi kwa saa chache bila kulala huko, mkirudi mapema ili daraja la Nithi mlivuke mwanga ungalipo.